Mteremko Uliopigwa Deki

9 Januari

Msumeno wangu mpenzi,

Marahaba. Nimeanza kuitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu tangu barua yako ya mwisho mwezi umepita na shikamoo haziji zenyewe.

Huku tu wazima. Yule kuku mwenye upara ametotoa tena na sasa ana majivuno, hata mimi ananikimbiza uani kwangu. Fundi baiskeli na mkewe wanakusalimu. Mkewe macho yanamsumbua, wamempa rufaa ya kuja huko hospitalini kwenu. Akifika mpokee vizuri. Masikio yangu ni yaleyale. Miaka niliyoshika msumeno wa mashine imeniachia mlio mmoja tu, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo, kwa hiyo usirudie kunipigia simu kwa fundi. Siku ile nilipiga kelele "ndiyo, ndiyo" mpaka simu ikakatika, na hadi leo sijui nilikubali nini. Tuandikiane tu, mwanangu. Barua haikoromi.

Sasa jambo lenyewe. Bibi Miti alikuja wiki iliyopita. Ndiye afisa wa misitu aliyeletwa baada ya yule mzee kustaafu, msichana wa rika lako, buti zake kubwa kuliko yeye. Tuliketi pale uwanja wa magogo, akanieleza bila kuzunguka. Ule mteremko ninaoulinda, ambao kampuni ilikata ikaondoka, ofisi imeuwekea mwisho. Mvua zikiisha atakuja kuutazama. Akikuta miti michanga ya kutosha iliyoota yenyewe, utabaki msitu. Asipokuta, trekta litakwangua kila kitu na itapandwa mikaratusi mistari mistari, ya nguzo za umeme. Hapo na mlinzi hatakuwa na kazi, wala nyumba hii ya mlinzi haitakuwa yangu.

Nikamwambia miti ipo. Akasema yeye anaamini, ila ofisi inaona kichaka. Na kweli, ukisimama chini ni kichaka. Magugu yamenizidi kimo. Kamba za porini zimepanda juu ya kila kitu na kukikalia. Lakini ukiyafunua, chini yake kuna mivule michanga mingi, watoto wa ule mvule mkubwa ambao mama yako alinizuia kuukata. Unaijua habari hii ila nitairudia, maana naipenda. Mama yako alikuwa mpishi wetu kambini, akawa anakulaza kivulini pale huku akipepea moto. Siku niliyoufuata ule mti na mashine, wewe ulilia kwa sauti iliyoushinda msumeno wangu, naye mama yako akaja na mwiko mkononi akasimama kati yangu na shina. Nikazima mashine. Ndiyo siku uliyopata jina lako.

Mbegu zake zinapandwa na popo. Wanakula tunda hapa, wanakwenda kudondosha kule, mteremko mzima. Hawaombi likizo wala buti. Ni katika zile njia za trekta tu ambako hakujaota kitu mpaka leo, ardhi imeshindiliwa ikawa sakafu.

Kazi yangu ni kukata kamba na kuipa miche mwanga. Nina alama zangu za kujua kila mmoja ulipo. Utaziona ukija, sikuambii. Unakuja lini?

Mimi ni mzima kama chuma.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mwezi uliopita. Mpe kuku pole, najua wewe ndiye uliyeanza ugomvi.

Mimi sijambo. Kazini wamenipandisha, sasa nasimamia usafi wa wodi tatu na ukumbi mrefu wa wagonjwa wa nje. Wanawake ninaowasimamia wananiita Bibi Deki nikiwapa mgongo, na wanadhani sijui. Siku hizi nikiona jani limedondoka njiani mkono unawasha. Nimehama pia. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, chini kabisa, haina ngazi hata moja, na choo kiko ndani.

Mke wa fundi baiskeli alifika. Jicho la kulia wameshalitengeneza, la kushoto atalirudia mvua zikipita. Tulikaa naye kwenye benchi akisubiri dawa, na unajua mdomo wake hauhitaji macho. Anasema unatembea na fimbo. Anasema kutoka nyumbani kwako mpaka kijitoni unapumzika mara mbili, na kwamba kuna siku unashinda pale uwanja wa magogo ukimwambia kila apitaye kuwa unatazama ndege.

Mjomba, mguu una nini? Ni ule uliobanwa na gogo? Niambie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo nilipoficha jino bovu. Yupo hapa daktari wa mifupa, chumba chake nakisafisha mwenyewe kila asubuhi, na kila asubuhi ananiuliza habari za nyumbani. Neno moja tu kutoka kwako nitamweleza.

Kuja, nitakuja. Likizo yangu imesogezwa tena. Ninaowasimamia wawili wamejifungua mwezi mmoja, kama waliopanga.

Mpwa wako,
Msumeno


20 Februari

Msumeno,

Marahaba zote mbili. Kuku hajambo.

Fimbo ni ya nyoka. Na ndege nawatazama kweli, ni wazuri, na huyo mama angekuwa na macho naye angewatazama.

Kazi inakwenda taratibu. Nimemaliza sehemu ya chini, imebaki ya juu, ambako kamba zimekaba zaidi. Kama sijazikata kabla ya mvua, zitapata nguvu mpya na kuilaza miche chini, na Bibi Miti akija ataona zulia la majani. Lakini nitamaliza. Usiwe na wasiwasi.

Hongera kwa cheo. Ila nieleze jambo moja. Msichana mwenye miguu miwili mizima, aliyekuwa akipanda ghorofa ya nne na ndoo kichwani huku akiimba, anatafutaje nyumba isiyo na ngazi?

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku joto, watu wanaumwa matumbo, na ndoo haitulii. Swali lako la ngazi nimelisoma.

Sasa nisikilize, na usikunje uso. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe ni mkuu na guu linakusumbua hata hivyo, basi sikia la mdogo. Nimepata watu. Nahodha wa timu ya mpira ya pale njia panda nilisoma naye darasa moja, nilimpigia simu, naye amekubali kuja na timu nzima kabla ya mvua kuanza. Hawataki kitu, wanasema ni mazoezi. Siku mbili tu watakuondolea magugu yote juu na chini, na wewe utakaa kitini uwaelekeze.

Nimempa maagizo mwenyewe, kwa vile nakujua, utawaambia "basi, inatosha" saa nne asubuhi. Nimemwambia nataka mteremko uwe safi kama wodi siku ya mkaguzi. Waache miti, wafyeke magugu, waokote na kila uchafu. Bibi Miti akija asiseme tena kuwa ni kichaka.

Usinishukuru. Pumzisha mguu tu.

Mpwa wako,
Msumeno


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikia kwenye redio kwamba mvua imeanza huko kwenu, na kwamba ni nzuri.

Sijapata jibu lako. Nahodha nilimpigia, akasema kazi walifanya, tena walifanya vizuri, lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyefanya vizuri. Nikamuuliza mjomba alisema nini. Akasema hukusema kitu, uliingia ndani.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Msumeno


4 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Umeomba mstari. Nitakupa zaidi.

Walikuja ishirini na zaidi, na mapanga yamenolewa. Vijana wazuri, wenye heshima, walinisalimia mmoja mmoja. Mimi nilibaki chini. Nilimwambia nahodha nina wageni, niendako siwezi kuchelewa, sikumbuki hata nilidanganya nini. Walipanda wakiimba. Jioni ya pili wakaniita nitoke nje nikatazame.

Uliwaambia waache miti. Wakaacha kila walichokiona kuwa mti, yaani mvule mkubwa peke yake, umesimama kama mtu aliyefika harusini siku siyo. Mengine yote yamefyekwa sawasawa na ardhi. Mche wa mvule ukiwa katikati ya magugu ni gugu tu kwa asiyeujua, na wa kuwaonyesha alikuwa ameketi mlangoni.

Kisha nahodha akanipa mfuko. Akasema, "Na huu ndio uchafu tuliookota, mjomba, hakuna hata kimoja kilichobaki." Nikafungua. Vilikuwa vitambaa vyangu. Unalikumbuka pazia la njano la mama yako, lile la dirisha la jiko la kambi? Nililichana vipande, nikafunga kimoja kimoja kwenye kila mche nilioukuta, miaka yote hii. Hizo ndizo zilikuwa alama zangu. Nilitaka uje uone mteremko mzima una njano ya mama yako. Vijana walikuwa wamevifua kijitoni na kuvikunja.

Sikuwagombeza. Ni maagizo yako.

Nimefikiri sana juu ya hiyo nyumba isiyo na ngazi. Ulitaka nije mjini, na mlinzi asiye na mteremko hana pa kukaa ila kwa mpwa wake. Basi umefanikiwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mjomba wako


17 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, ukiipokea.

Barua yako niliisomea ukumbini, nimesimama na mopu. Nilipofika kwenye pazia nikakaa chini, kwenye maji. Wenzangu wakadhani nimefiwa, wakaanza kunipepea. Nikawaambia nimeua miti, wakadhani nina homa.

Nimekosa. Sitajitetea kwamba sikujua. Mtu asiyejua huuliza, mimi nilitoa amri, kwa sababu nimezoea kwamba kikiwa safi kimekuwa kizuri. Magugu uliyalalamikia wewe, mimi nikayaona kama tope kwenye sakafu yangu.

Lakini lile la mwisho ulilosema, hapana. Limenichoma nami nitakujibu. Ndiyo, nilitaka uje. Kitanda kipo. Kipo tangu mwezi wa kwanza, kwenye chumba chenye dirisha upande wa jua la asubuhi, nimekitandika, na kila Jumapili nabadili shuka za mtu ambaye hajakilalia. Nyumba niliitafuta kwa miguu yako, si kwa yangu. Sikukuambia kwa sababu najua ungecheka, kisha ungekataa, na baada ya kukataa nisingekuwa na cha kungojea. Lakini vijana sikuwatuma wakufukuze. Niliwatuma wakubebee mzigo, kwa kuwa wewe uliniambia fimbo ni ya nyoka! Ungeandika neno moja, mguu, ningekuja mwenyewe, likizo au hakuna likizo, na ungenionyesha mche mmoja mmoja kwa kidole, na leo pazia la mama lingekuwa mahali pake.

Nakulaumu na nimekosa. Vyote viwili ni kweli, na vyote viwili vinaniuma.

Wewe ndiye uliyenilea mama alipoondoka. Ulinisuka nywele vibaya mpaka nikawa nachekwa shuleni, na sikuruhusu mtu mwingine anisuke. Usininyamazie, mjomba. Ukininyamazia wewe, sina mwingine wa kuniita Msumeno.

Shuka nimebadili jana.

Mpwa wako


6 Julai

Msumeno wangu,

Marahaba, mama. Marahaba mara zote ulizoamkia ukuta.

Nimechelewa kwa sababu mbili. Kwanza nilikuwa na hasira, na hasira ilipokwisha nikawa na aibu, nayo ni ndefu zaidi. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika pale ilipokunjwa. Fundi baiskeli ameibandika kwa kiraka cha tairi, imekuwa nzito kama chapati ya jana.

Nikueleze yote. Tangu siku ya timu sikupanda tena mlimani. Dirisha la upande ule nililifunga, mvua yote sikulifungua. Bibi Miti alipofika wiki iliyopita nilimwambia mlangoni, asijisumbue, alete trekta lake. Akasema lazima aone kwa macho yake, akaenda na nahodha. Walikaa huko sana. Nikajua wanatafuta namna ya kuniambia. Alipotelemka alikuwa na tope mpaka magotini na anacheka, nami nikamchukia kidogo.

Akasema, "Mzee, inuka twende."

Nikasema, "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mwanangu. Nyonga imekufa. Tangu mwaka jana."

Nikasikia sauti yangu ikisema hivyo, na nyumba haikuanguka. Nahodha akatazama chini. Akaondoka, akarudi na golikipa wake na mabeki wawili, wakaniinua na kiti changu kama nilivyo, wakapanda nami. Nimewahi kutelemsha magogo mengi kwenye mteremko ule. Sikujua kuwa siku moja gogo litapandishwa. Walinitikisa mpaka meno, na kwenye utelezi golikipa alinidaka vizuri kuliko anavyodaka mpira, kwa ninavyosikia.

Msumeno, imechipua.

Kila shina lililofyekwa limetoa machipukizi, mengine mawili, mengine matatu, majani mapana kama kiganja. Mengi yamefika gotini, mengine kiunoni. Bibi Miti alichimba kwa vidole pembeni ya mmoja, akanionyesha mzizi, mnene kama kifundo cha mkono wangu. "Vijana walikata kilicho juu," akasema. "Mzizi una miaka yake yote, na sasa una mwanga wote." Miaka mingapi nimekata miti mimi, na kila nilipomaliza tulihamia mteremko mwingine. Sikuwahi kurudi hata mara moja kuona kisiki kinafanya nini baada ya sisi kuondoka.

Asikudanganye mtu kwamba hakuna kilichopotea. Sehemu ya juu kabisa, jua liliipata kabla ya mvua, kuna miche iliyokaukia humo moja kwa moja. Zile njia za trekta bado zina upara wa kuku wangu. Na kamba za porini nazo zimechipua, usidhani ni mivule peke yake iliyofuzu. Lakini imetosha. Vile vijiti vyepesi vinavyoota haraka, ambavyo mimi nilikuwa nikiviona havifai hata kwa mpini, vimeanza kuipa miche kivuli chepesi, na Bibi Miti anaviita yaya. Ameiandikia ofisi kwamba mteremko unabaki msitu. Hakuna mkaratusi.

Nikamuuliza nifanye nini sasa ili isife. Akasema niendelee na niliyoyafanya tangu mvua zianze. Nikamwambia sikufanya kitu, nilikaa ndani nimenuna. Akasema basi nimefanya vizuri. Mwaka huu miche inataka kuachwa, na kamba ataziangalia yeye mwakani.

Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuandikia. Kumbe inategemea yamemwagikia wapi. Na lile la kwamba ulitaka nikose pa kukaa, nalifuta. Niliandika nikijua si kweli. Nisamehe, mama.

Vitambaa nimewapa timu. Golikipa ndiye anayefunga, Jumapili, na hakuna panga linalopanda. Nahodha ananiambia kwenye majani yale mapya njano inaonekana mpaka njia panda. Kipande kimoja nimekibakiza, nakuletea.

Ndiyo, nakuletea. Mwambie daktari wako wa mifupa ni nyonga ya kushoto, iliyobanwa na gogo zamani, inauma nikikaa na nikisimama, na kulala silali. Nimesema. Mke wa fundi anarudi huko kwa jicho la kushoto na tutasafiri pamoja. Yeye haoni vizuri, mimi sisikii vizuri, tukifika salama umshukuru Mungu. Kuku anabaki kulinda nyumba.

Nikishapona nitarudi, nyumba ya mlinzi bado ni yangu. Lakini sina haraka. Nilidhani mimi ndiye ninayeukuza ule mteremko. Miti haikunihitaji, mwanangu, tangu mwanzo haikunihitaji sana. Anayenihitaji yuko huko, kila Jumapili anabadili shuka.

Siku nitakayofika, nakuomba jambo moja tu. Usipige deki. Nina mguu mmoja mzima, nao nataka kurudi nao.

Mjomba wako